Naomba ushauri: spirulina kwenye chakula cha sato

Habari za wakati huu, wafugaji wenzangu. Naombeni msaada wenu.

Nafuga sato kwenye mabwawa mawili. Kila joto la maji likipita nyuzi 30 naanza kuokota waliokufa: macho yamewatoka, na wagonjwa wengine wanaogelea kwa kuzunguka. Mtaalamu aliyewapima alisema ni bakteria aina ya streptokokasi. Nimepunguza idadi ya samaki, nabadilisha maji mara kwa mara, na siku za joto kali napunguza chakula. Vifo vimepungua lakini havijaisha. Antibiotiki sitaki kuzizoea, maana bakteria wakishakuwa sugu tutakosa pa kukimbilia.

Sasa, nikitumaini kuwapandishia kinga, nachanganya unga wa spirulina (aina ya mwani mdogo sana wa kijani-buluu) kwenye chakula ninachotengeneza mwenyewe, gramu 10 kwa kila kilo. Nina wiki tatu tu. Wanakula vizuri, ila siwezi kusema kinga imepanda. Kinachonisumbua zaidi ni mashine ya kutengenezea chembe za chakula: chembe zinatoka za moto sana, na ile rangi ya buluu ya spirulina, fikosayanini, ambayo ni sehemu ya faida yake, huharibika kwenye joto kali.

Kwa mliowahi kutumia: mnachanganya unga kabla ya mashine, au mnaupaka kwa mafuta kidogo juu ya chembe zilizopoa? Na je, mnalisha mfululizo, au mnaanza wiki kadhaa kabla ya msimu wa joto halafu mnapumzisha?

Hata aliyejaribu ikashindikana, naomba aniambie. Asanteni.