Magamba ya konokono wangu yanaliwa na mayai hayaanguliki: naomba ushauri

Mkazi wa Chumbageni: Ndugu wanajamvi, salamu kutoka Tanga. Ninafuga konokono sita wa maji baridi, wale wakubwa wa rangi ya dhahabu, katika tangi la kioo la lita 60 ambalo hulijaza maji ya mvua ninayoyakinga paani, nikiamini kwamba ni safi kuliko ya bomba. Kwa miezi miwili sasa magamba yao yanapauka na kumeguka kwenye ncha, na vichala vya mayai wanavyovibandika kwenye kioo juu ya maji vinanyauka bila kuanguliwa. Nifanyeje? Na je, niongeze wengine kutoka madimbwi ya nje ya mji?

Mfugaji wa Raskazone: Pole sana, ndugu yangu. Maji ya mvua ni safi, lakini hayana chokaa ambayo konokono huijengea gamba, na yakiwa na uchachu hulila hata gamba lililokwisha kujengwa. Mapango yetu ya Amboni yalichimbika vivyo hivyo, maji yakila jiwe la chokaa. Laza maji ya bomba kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue, ubadilishe robo ya tangi kila wiki, kisha uweke mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, uliochemshwa. Palipomeguka hapatarudi, ila gamba jipya mdomoni litatoka laini.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Mwanangu, mayai hayo hayataki kuzama wala kukauka. Funika tangi, uache nafasi ya vidole vinne juu ya maji, nayo yataanguliwa baada ya wiki 2 hadi 4. Hakikisha una dume pia, kwa maana hawa, tofauti na konokono wa bustanini, wana dume na jike.

Mhudumu wa afya: Wa madimbwini usiwaguse, nakusihi. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono, vikaelea majini na kupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Walioanguliwa tangini mwako hawarithi vimelea hivyo. Vilevile usitie dawa ya samaki yenye mrututu, kwani shaba huwaua konokono, wala usiwamwage watoto wanaozidi mtoni Zigi: jamaa zao wa karibu waliovamia mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, waliwatia wakulima hasara kubwa.

Mkazi wa Chumbageni: Nawashukuru nyote. Nimepima, nafasi juu ya maji ni kidole kimoja tu, kwa hiyo ninayapunguza jioni hii. Mfupa wa dome nitautafuta ufukweni alfajiri, maji yakishakupwa.