Kampuni ikizima seva, gemu uliyolipia inabaki ya nani?

Wakuu, salaam. Nina kibanda cha gemu huku Mbagala, na hili jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Kijana mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na diski ya PS4 aliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000. Ya mtumba, lakini haina hata mkwaruzo. Akaifuta kwa fulana, tukaiingiza. Ikasoma, muziki ukaanza, halafu yakatokea maandishi kwamba haiwezi kuunganishwa na seva, yaani zile kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kupitia mtandao. Nikadhani ni intaneti ya kibandani, nikamwashia hotspoti ya simu yangu. Maandishi yale yale. Kumbe kampuni iliyotoa gemu ile ilishazima seva zake. Huyu dogo anauza maji kwenye foleni, mjue. Piga hesabu mwenyewe ni chupa ngapi hizo.

Jamaa yangu fundi kompyuta anasema sina hoja. Kwamba ulichonunua ni ruhusa ya kuitumia gemu, siyo gemu yenyewe, na hakuna kampuni itakayolipia seva milele kwa ajili ya wachezaji wachache. Kwenye gharama namkubalia kabisa. Mimi mwenyewe naijua Luku inavyokula. Ila hakuna aliyeomba seva ziwashwe milele. Tunachoomba ni kwamba siku wanapoondoka, watuachie gemu inayochezeka.

Na inawezekana. Ubisoft walitoa The Crew, gemu ya magari, Desemba 2014. Hata ukicheza peke yako ilikulazimu uwe mtandaoni. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, na aliyekuwa na diski akabaki na plastiki. Watu walipopiga kelele, Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba The Crew 2 na Motorfest, gemu zilizoifuata ile ya kwanza, zitawekewa namna ya kuchezwa bila mtandao. Sasa kama hizo zinawezekana, ile ya kwanza ilishindikana nini?

Kelele zile hazikuishia hapo. Kampeni ya Stop Killing Games, ya wachezaji wanaotaka gemu zilizouzwa zisiuawe kwa kuzimwa seva, ilipeleka ombi Umoja wa Ulaya, na kufikia Julai 2025 sahihi zilishapita milioni 1. California nako kuna sheria inayolitaka duka la mtandaoni limweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni tu.

Sisi huku tunaumia zaidi. Mzungu ananunua gemu siku inapotoka, anaicheza miaka mitano, anachoka, anaiuza. Inazunguka mpaka inafika Kariakoo, na sisi ndipo tunaianza. Seva zikizimwa mwaka wa saba au wa nane, yeye alishafaidi, wa hapa hajamaliza hata mwezi.

Halafu kuna suala la mtandao wenyewe. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika? Hata ujumbe wa kawaida ulikuwa unasota. Kibanda changu hakikufungwa hata siku moja, kwa sababu vijana walikuwa wanacheza mpira wawili wawili, skrini moja, padi mbili, bila kuhitaji seva ya mtu yeyote. Kama gemu zote zingekuwa za kudai mtandao, wiki ile nisingepeleka unga nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: gemu isiyochezeka bila seva iandikwe hivyo mbele ya kasha, kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe ambayo kampuni inaahidi kuwa seva zitakuwa hewani angalau mpaka hapo. Ikifika siku ya kuzima, watoe sasisho la mwisho la kuondoa hilo sharti, au waruhusu watu waendeshe seva zao wenyewe.

Wanasheria mliomo humu, nisaidieni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Je, muuzaji wa Kariakoo anayeuza diski ambayo seva zake zilishazimwa, na anajua, anabanwa nayo? Na kampuni iliyoko ng'ambo tunaifikiaje? Na nyie wenye vibanda Manzese na Sinza, mkiletewa diski kama hii huwa mnamwambia nini mteja?