Nimebadili kipimo kimoja tu boksi zima limevurugika, naomba ushauri

kona90: Wakuu habari zenu. Mimi bado mgeni kwenye kuchora 3D, natumia FreeCAD. Nimechora kiboksi cha kuwekea saketi, upana mm 80, na kifuniko cha kuvalia kwa nje, skrubu nne kwenye kona. Kila kitu poa mpaka nilipogundua saketi haiingii, nikarudi kwenye skechi (ule mchoro bapa wa mwanzo) nikafuta 80 nikaandika 100, hapo ndo balaa likaanza, boksi limetanuka, kifuniko kiko vilevile, tundu la kulia limeganda pale pale kwenye 74 mbali na kona, na zile kona nilizoviringisha zinaleta eror. Nimeshafuta na kuanza upya mara tatu. Hivi hakuna namna ya vipimo kufuatana vyenyewe?

skrubu_legevu: Pole, wote tumepita huko. Hiyo 74 uliipataje? Ulitoa 80 kutoa 6 kichwani, si ndio? Sasa programu itajuaje, yenyewe inaona 74 basi. Fungua spredishiti (jedwali) humohumo ndani ya faili, andika upana, unene wa ukuta, nafasi ya kuachia kati ya boksi na kifuniko, kila seli ipe jina lake. Halafu kwenye skechi usiandike namba, bonyeza ile alama ya fx kwenye kisanduku cha kipimo uandike Spreadsheet.upana. Chora ukizunguka senta ya skechi, tundu likae upana/2 - 6 toka katikati. Kwa 80 ni 34, kwa 100 linahama lenyewe hadi 44. Kifuniko kwa nje ni upana + 2*nafasi + 2*unene.

mzee_wa_milimita: Kabla hujahamia kwenye spredishiti, skechi ya kifuniko umeibandika wapi? Kama ni juu ya uso wa boksi ndo ugonjwa wenyewe huo, programu inazipa nyuso namba, leo Face6 ukiongeza tundu inakuwa Face9 na kifuniko kinaruka. Toleo la 1.0 la 2024 limepunguza sana hili tatizo ila mimi bado nabandika kwenye plani za mwanzo, yaani bapa za msingi zisizohama, XY na wenzake. Kuviringisha kona iwe hatua ya mwisho kabisa. Na usiunganishe kila kitu jamani, tundu la skrubu ya M3 (ya mm 3) ni mm 3.2 boksi liwe dogo au kubwa.

kona90: Aisee kumbe! Kweli niliibandika kwenye uso. Ila jina la seli "h" limegoma, na nikijumlisha 0.3 mm ya nafasi naambiwa yuniti hazilingani.

skrubu_legevu: h ni yuniti ya saa hiyo, majina ya yuniti hayakubaliki, andika kimo. Na kwenye seli weka 80mm, ukiandika 80 tupu inakuwa namba isiyo na kipimo, huwezi kuijumlisha na milimita.

mzee_wa_milimita: Skechi ikiwa kijani yote, yaani kila mstari umefungwa kwa vipimo, ndo uiache. Mstari mmoja ukibaki mweupe, siku ukibadili upana utaenda unakotaka wenyewe.

kona90: Wakuu imekubali!! Nimeandika 100mm, kifuniko kimekuja 104.6 bila kukigusa, matundu yako kwenye kona zake. Sasa naweka 40 nione nini kitakatika.

mzee_wa_milimita: Sevu kwanza.