Naomba ushauri: namna ya kumkaribisha mgeni kiti kwa Kitamil

Habari zenu wakuu. Nipo Chennai, jimbo la Tamil Nadu huko India, kwa masomo, mwezi wa nne sasa. Jana mama mwenye nyumba alikuja kunisalimia pamoja na mama yake mzazi, bibi mzee kabisa. Kwa furaha nikavuta kiti, nikamwambia bibi "ukkaaru" (kaa). Mwenye nyumba akacheka, bibi akakaa kimya. Kumbe hiyo ni ya kumwambia mtoto au rafiki wa rika! Kwa mkubwa unaongeza "-nga": "vaanga, ukkaarunga", yaani karibu, keti. Sisi kwetu "kaa" unaweza kuilainisha kwa shikamoo, huku heshima imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Sasa mliokaa Tamil Nadu nisaidieni. Kitabu changu kina "amarungal" (keti, kwa heshima) na "dayavu seithu" ya kuomba kwa adabu. Nikizitumia sebuleni si nitasikika kama msoma taarifa ya habari? Na bibi nimwite "paatti" (yaani bibi) wakati si ndugu yangu, au nitakuwa nimejipendekeza? Jumapili wanarudi, na safari hii nataka bibi akae akitabasamu.