Tairi gani za baiskeli ya mlimani zitashika kwenye vumbi, matope na miiba? Niko Arusha

Mpandaji_Sakina
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri. Nina baiskeli ya mtumba saizi 29 (inchi za gurudumu), mbele ina shokabu nyuma haina, fremu haina neno, breki za diski zinakamata vizuri, shida yangu ni tairi. Zilizopo zina upana wa inchi 2.1, meno ya katikati yameshaisha yamebaki ya pembeni, kwa kifupi ni vipara.

Sasa njia zangu ndo zinanichanganya. Wikiendi moja tunapanda huku juu Ilboru kuelekea mashamba ya chini ya Meru, vinjia vya miguu kati ya migomba, mizizi, mawe, na masika yakianza ni utelezi mtupu. Wikiendi nyingine tunashuka upande wa Kisongo mpaka Monduli, huko ni vumbi laini kama unga wa ngano, chini yake ardhi ngumu na kokoto za kubiringika, halafu miiba sasa, msiseme. Katikati ya wiki naenda nayo kazini, lami. Juzi kwenye kona ya mteremko tairi ya mbele iliondoka yenyewe, sikufunga breki wala nini, nikajikuta nimelala chini kiwiko kimechunika.

Je kuna tairi moja itakayofanya kazi zote hizi? Upana gani? Na hii tyubulesi (tairi isiyo na tyubu ndani) watu wanayoisifia, kwa mazingira yetu ina faida au ni sifa tu? Nina kilo 82. Bajeti laki 3 kwa zote mbili, ikizidi kidogo ntajikongoja.

fundi_spoki
Pole na kiwiko mkuu. Kabla hujatoa hata mia, niambie kwanza unajaza upepo kiasi gani na unajazia wapi.

Mpandaji_Sakina
Najazia sheli, ile mashine ya magari. Kijana anajaza anabonyeza kwa kidole mpaka aone imekaza. Siku moja nilichungulia geji ilisoma psi 55 (kipimo cha upepo). Ila tairi yenyewe imeandikwa mwisho 65 kwahiyo nikaona bado nipo salama.

fundi_spoki
Nilijua tu. Hiyo 65 ni mwisho wa uvumilivu wa tairi, haimaanishi ndo kipimo cha kuendeshea. Kwa kilo zako na tairi ya 2.1 yenye tyubu, mbele weka 28 hadi 30, nyuma 32 hadi 34 kwasababu uzito mwingi unakaa nyuma. Ukijaza 55 tairi inakuwa gumu, inagusa ardhi kwa kipande kidogo cha katikati, ikikuta jiwe inarukaruka badala ya kulikumbatia, na ikiwa hewani hakuna meno yatakayokusaidia hata ungenunua ya laki 5. Ukipunguza inalala kidogo, eneo la kugusa linaongezeka na yale meno ya pembeni yanapata kazi.

Ila usishuke hovyo hovyo. Ukiwa na tyubu ukapunguza sana, ukigonga jiwe kwa nguvu rimu inabana tyubu na unapata matundu mawili yanayoelekeana. Ukiyaona hayo jua upepo ulikuwa mdogo, hakuna mwiba hapo. Nunua pampu ya mkono yenye geji, punguza 2 2 kila safari mpaka ukianza kusikia rimu inagonga, halafu rudisha 2 juu. Hapo ndo kipimo chako wewe na baiskeli yako, usikopi cha mtu.

Kiboko wa Marangu
Fundi kasema. Siku za lami ukitaka wepesi ongeza mpaka 40, jioni punguza.

dada_pedeli
Niko Moshi, naendesha Msitu wa Rau na njia za huku juu Kilema na Marangu kwahiyo hayo matope nayajua. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, tairi moja ya kila kitu haipo, lakini huhitaji kubadilisha tairi kila wiki. Siri ni kuacha kuzifikiria kama jozi. Mbele na nyuma zina kazi tofauti kabisa.

Ya mbele ndo inayokugeuza na ndo inabeba sehemu kubwa ya breki. Nyuma ikiteleza unaisikia, unarekebisha na safari inaendelea, ila mbele ikiteleza ni chini moja kwa moja, we mwenyewe umeona. Kwahiyo pesa yako nyingi peleka mbele: pana zaidi, meno marefu yenye nafasi kati yake, na ya pembeni yawe yamesimama imara, ukiyasukuma na kidole gumba yasipinde kirahisi. Nyuma weka nyembamba kidogo, meno ya katikati mafupi na yaliyokaribiana ili ibiringike vizuri kwenye lami yako ya kazini.

Kwa majina, ukipata Maxxis mbele weka High Roller II au Minion DHF, nyuma Ikon au Rekon. Kwa Schwalbe mbele Nobby Nic au Hans Dampf, nyuma Racing Ralph. Ardent nayo utaikuta sana kwenye baiskeli za mtumba, si mbaya nyuma, ila mbele mimi siipendi, kati ya meno ya katikati na ya pembeni kuna uwazi, ukilaza baiskeli nusu kuna sekunde unahisi haijashika popote.

Kuhusu lile vumbi la Monduli juu ya ardhi ngumu, hapo watu wengi wanakosea wanaenda kununua tairi la meno makubwa kama la trekta. Vumbi likiwa jembamba, meno marefu laini yanayumba juu ya ile ardhi ngumu na baiskeli inahisi ulevi. Unataka meno ya wastani katikati, ila pembeni mstari mzito, maana kwenye kona ndo yanachimba vumbi mpaka yanafika kwenye ardhi ngumu na kung'ang'ania. Matope ni kinyume chake, kule unataka nafasi kubwa kati ya meno ili tope litoke lenyewe gurudumu likizunguka, tairi ya meno yaliyobanana ikishajaa tope inakuwa kipara kingine.

Mzee wa Phoenix
Nyie vijana mnapenda kutumia hela. Sisi tumepanda milima na Phoenix, mkungu wa ndizi nyuma, tairi kijembamba cha kawaida na hatujaanguka. Nunua Kenda au Chaoyang hapo mjini, weka, endesha. Hizo laki tatu ni mbuzi wawili.

dada_pedeli
Mzee wangu shikamoo. Mlikuwa mnashuka mnakokota ile baiskeli na ndizi zake, msitufiche 😂 Ila kwa nyuma nakubaliana na wewe kabisa, Kenda ya kawaida nyuma inatosha kwa kuanzia, hiyo hela iliyobaki aiweke mbele.

Mzee wa Phoenix
Marahaba. Kukokota ni sehemu ya mchezo.

MseeWaKaruraKE
Sasa watu wa Arusha, mimi ni jirani niko Nairobi, mara nyingi Karura na weekend ndefu tunaenda Ngong ama Hell's Gate, hapo Hell's Gate ni vumbi na miiba karibu sawa na ya Monduli. Wacha niongee tyubulesi kwa sababu hiyo ndio ilinisaidia mimi. Kwa kushika ardhi, faida yake ni kwamba hakuna tyubu ya kubanwa na rimu, kwa hivyo unaweza shuka mpaka 22 ama 24 mbele bila wasiwasi mkubwa, na hiyo tofauti ya upepo utaisikia kwa mizizi na mawe kuliko tofauti ya brand yoyote.

Ya pili ni mbigili, zile mbegu ndogo zenye miiba kila upande ziko kando ya barabara. Ukiwa na tyubu unaweza ziba viraka mpaka solushoni ikuishie. Kwa tyubulesi ile dawa ndani inaziba tundu yenyewe na unaendelea. Mwiba wa mgunga ule mrefu wa kidole ni story ingine, huo ukiingia kwa ubavu wa tairi dawa inaweza shindwa, kwa hivyo beba tyubu moja hata kama uko tyubulesi.

Lakini angalia vitu viwili bana. Tairi lazima iwe ya tyubulesi, mara nyingi imeandikwa TR ama TLR (tubeless ready), na rimu pia iwe imetengenezewa hiyo kazi, usichukue tairi ya kawaida yenye waya kwa ukingo ukaijaza dawa ati inashikilia, ikiruka kutoka kwa rimu kwa mteremko utajuta. Na huku kwetu kwa jua dawa inakauka haraka, kila miezi miwili ama mitatu fungua uangalie, kwa 29 ya 2.35 unaweka kama mililita 100.

Mpandaji_Sakina
Nimekupata jirani. Nimeangalia rimu zangu hazijaandikwa chochote zaidi ya saizi, upana wa ndani nimepima ni milimita 21. Valvu ni ile nene ya kama gari.

fundi_spoki
Basi baki na tyubu kwa sasa, usilazimishe. Valvu nene ina raha yake, kile kipini cha ndani kinafunguka, unaweza kumwaga dawa humohumo kwenye tyubu ikakusaidia kwenye mbigili. Utabaki na shida ya kubanwa na rimu lakini pancha za miiba midogo zitapungua sana.

Na kwa rimu ya 21 usiende zaidi ya 2.35 mbele. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linakuwa na kichwa kikubwa na kiuno chembamba, ukiweka upepo mdogo linayumba kwenye kona. 2.4 na 2.5 waachie wenye rimu za 30.

Kiboko wa Marangu
Mi nauliza, hizo namba TPI ubavuni ni nini? Kuna 60 na 120.

fundi_spoki
Hesabu ya nyuzi za kitambaa ndani ya inchi moja. 120 nyuzi nyembamba nyingi, tairi laini na jepesi linafuata ardhi vizuri. 60 nyuzi nene, zito kidogo ila mara nyingi linavumilia zaidi mawe na miiba. Kwa njia zetu mimi 60 siikatai hata kidogo.

Mbongo_Ujerumani
Wadau, nipo huku Ujerumani na kila Desemba nakuja Arusha, nimeshabebea jamaa tairi mara nyingi. Mkuu ukiagiza kwa mtu, agiza ya kukunja, ile yenye nyuzi za kevla kwenye ukingo. Ya waya haikunjiki vizuri, inakula begi lote na ni nzito.

Kingine ambacho watu wanapigwa nacho, jina moja la tairi linauzwa kwa viwango tofauti. Unaweza kununua Nobby Nic ya bei chee ukashangaa mbona haishiki kama wanavyosema, kumbe ni ya mpira mgumu wa kiwango cha chini. Ikon ya waya na Ikon yenye maandishi 3C (mpira wa aina tatu), EXO (ubavu ulioimarishwa) na TR ni vitu viwili ingawa meno yanafanana. Kwenye Schwalbe za Addix angalia kamstari ka rangi katikati ya tairi: nyekundu mpira wa spidi, bluu wa kati, chungwa laini, zambarau laini kabisa. Kwa mbele chungwa kama hela ipo, nyuma bluu, maana mpira laini kwenye lami ya kila siku unaisha ukiuangalia. Zambarau achana nayo, hiyo ni ya wanaopandishwa na gari wanashuka tu.

Mpandaji_Sakina
Dah asanteni sana. Nimetoka kupunguza upepo sasa hivi nikazunguka mtaani, 30 mbele na 33 nyuma, hata kwenye makorongo ya barabara ya mtaa mikono haitetemeki kama mwanzo. Kwahiyo nimeamua: mbele Nobby Nic ya 2.35 ya mstari wa chungwa, Mbongo ntakucheki inboksi. Nyuma nachukua Kenda hapa hapa mjini. Swali, nyuma nikiweka nayo 2.35 kuna shida?

fundi_spoki
Pima nafasi kati ya tairi na fremu pale chini karibu na pedeli, panapobana. Kila upande ibaki angalau milimita 6 baada ya tairi kujaa, vinginevyo tope la Ilboru litajaa hapo na gurudumu litakwama, halafu likikauka na mchanga linakula rangi ya fremu.

Mpandaji_Sakina
Na hii 2.1 iliyopo nimepima imebaki kama milimita 8 hivi kila upande.

fundi_spoki
Toka 2.1 kwenda 2.35 ni zaidi ya milimita 6 jumla, yaani 3 na kitu kila upande, utabaki na chini ya 5. Chukua 2.2 nyuma. Na wakati wa kuvalisha angalia mshale ubavuni, kuna tairi zina mshale wa mbele na mwingine wa nyuma na zinaelekea tofauti, mafundi wengi wa mtaani hawauangalii.

dada_pedeli
Ukimaliza kufunga karibu Rau Jumamosi, mvua imenyesha jana.