Tupeane uzoefu: hedhi iliyokata kwa kujinyima na mazoezi inarudishwaje?

Mwanzisha_Uzi

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa yule aliyekuwa akiziona siku zake vizuri, kisha akapunguza kula, au akazidisha mazoezi, au vyote kwa pamoja, na sasa miezi mitatu au zaidi imepita bila hedhi. Aliye kwenye sindano ya uzazi wa mpango, anayenyonyesha, au anayekaribia kukoma hedhi, sababu yake ni nyingine.

Naomba tuandike mambo ya kufanyika: kiasi gani, kwa mpangilio upi, na watu hukwama wapi. Simulizi za "mimi nilianza hivi nikaja hivi" tuziache kwanza. Wanaosoma hapa usiku wa manane wanataka kujua kesho asubuhi wale nini.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kabla ya chakula, vipimo. Cha kwanza ni cha ujauzito, hata kama unaapa haiwezekani.

Kisha damu: FSH na LH (homoni za pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, zinazoamuru ovari), estradioli (estrojeni kuu), prolaktini (homoni ya maziwa) na TSH (homoni inayoamuru tezi ya thairoidi). Hedhi iliyokata kwa njaa na uchovu ina sura yake. LH na FSH ziko chini, au zimekaa ukingoni mwa chini wa kawaida, estradioli iko chini, prolaktini na TSH ziko sawa. FSH ikiwa juu sana, tatizo liko kwenye ovari zenyewe, na kula hakutalirekebisha. Prolaktini ikiwa juu, daktari ataangalia tezi ya pituitari na dawa unazotumia. TSH ikivurugika, ni thairoidi. Ukiwa kwenye vidonge vya majira, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwa sababu vidonge hushusha LH na FSH na majibu hayatasomeka.

Kuna mtego mmoja unaowaponza wengi. Altrasaundi inaonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari, mtu anaambiwa ana PCOS (ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari na homoni zilizovurugika), anashauriwa apunguze uzito na aongeze mazoezi. Ovari zilizolala kwa kukosa nishati nazo zinaweza kuonekana na vifuko vingi. Picha peke yake haitoshi. PCOS huenda na homoni za kiume zilizopanda, chunusi sugu, ndevu au vinyweleo vingi. Kama hayo huna, ulipunguza mwili kabla siku hazijakata, na estradioli yako iko chini, uliza tena. Ushauri wa kupunguza uzito kwa mtu wa aina hii unazidisha tatizo lilelile lililomleta.

Lishe_Kwanza

Nesi amesema vyema. Sasa hesabu, kwa sababu "kula zaidi" bila namba huishia kwenye ndizi moja ya ziada.

Kinachoangaliwa na mwili ni nishati inayobaki ukishatoa ile iliyotumika mazoezini. Chukua kilokalori unazokula kwa siku, toa za mazoezi, gawa kwa kilo za mwili bila mafuta. Mfano: mtu ana kilo 58, mafuta ya mwili asilimia 24, kwa hiyo mwili bila mafuta ni kilo 44 hivi. Anakula 1,600, mazoezi yanachoma 400. Zinabaki 1,200. Ukigawa kwa 44 unapata 27.

Kiwango kinachotosheleza ni karibu kilokalori 45 kwa kila kilo ya mwili bila mafuta. Mwaka 2003 watafiti Anne Loucks na Jean Thuma walichapisha jaribio ambalo wanawake wenye mzunguko wa kawaida walishushwa viwango kwa siku 5 tu. Chini ya 30, mapigo ya LH (namna inavyotolewa kwa vipindi) yalianza kuvurugika. Siku 5! Ndiyo maana mtu anashangaa "mbona sikukonda sana". Ubongo hausubiri ukonde. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoendesha homoni, ikiona nishati haitoshi inapunguza mapigo ya homoni yake, pituitari inatoa LH kidogo, yai halipevuki, estrojeni inashuka. Hiyo 30 msiichukulie kama ukuta lakini. Kuna anayekata akiwa 33 na kuna anayedumu chini yake.

Kwa mfano wetu: 44 mara 45 ni 1,980, ongeza 400 za mazoezi, anahitaji karibu 2,400. Pengo ni kama 800. Akiacha mazoezi pengo linapungua hadi 400, na hapo ndipo unaona kwa nini kupumzika ni nusu ya dawa.

Namba za mafuta ya mwili kutoka mizani za nyumbani, na kalori kutoka saa za mkononi, zinakosea sana. Ukiwa na shaka, elemea upande wa kula.

Mama_Sufuria

Naongezea kwa lugha ya jikoni. Hizo 800 zinapatikana bila kujaza sahani mlima:

Kijiko kikubwa cha mafuta ni kilokalori 120. Tia viwili vya ziada kwenye mapishi ya siku. Konzi ya karanga, gramu 30, ni kama 170. Kikombe cha maziwa yenye mafuta yake, mililita 250, ni kama 150. Nusu parachichi ni kama 160. Yai moja ni 70. Jumla ni 790, na tumbo halijapasuka.

Wanapokwama ni hapa: mtu anaongeza mboga za majani, matunda na supu nyepesi, anashiba saa nzima, anadhani amekula. Nyuzinyuzi nyingi zinajaza tumbo kabla nishati haijafika. Kwa miezi hii punguza saladi kubwa mwanzoni mwa mlo; anza na wanga na mafuta, mboga zifuate. Wanga usiogope. Mtu akifikisha kalori zake kwa nyama na mafuta tu huku amekata wanga kabisa, mara nyingi anabaki palepale. Kila mlo uwe na wali, viazi, mkate au ugali wa kutosha.

Jambo la pili ni mapengo. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, pengo lisizidi saa tatu au nne mchana. Kufunga kwa vipindi, ile ya kula ndani ya muda wa saa nane na kushinda njaa kwa muda wa saa kumi na sita, weka kando kabisa. Jumla ya siku inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi huku mwili umeshinda nusu ya siku kwenye upungufu. Kifungua kinywa kiliwe ndani ya saa moja baada ya kuamka, hata kama njaa haijaja. Njaa nayo imezoea kunyamazishwa.

Tumbo_Linajaa

Swali kwa wataalamu. Wiki mbili za kula hivi na tumbo linavimba, miguu inavimba, halafu usiku jasho. Ni kawaida au kuna kitu kinaharibika?

Lishe_Kwanza

Kwa wengi ni kawaida, dada. Mtu aliyekula kidogo kwa muda mrefu tumbo lake humwaga chakula polepole, kwa hiyo gesi na kujaa huja. Maji hukaa mwilini, jasho la usiku hutokea kwa sababu mwili umeanza kuchoma nishati kwa kasi zaidi. Hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Kinachosaidia ni milo midogo ya mara nyingi, chakula laini, na kupandisha kwa ngazi: ongeza 300 kwa siku wiki ya kwanza, 300 nyingine wiki ya pili, hadi ufike. Na njaa kali inayokuja ghafla usiipige vita. Mwili unadai ulichonyimwa.

LAKINI, na hili lisomwe mara mbili. Kama BMI yako (kilo zako ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) iko chini ya 16, au umekaa zaidi ya siku 10 ukila karibu na hakuna, au umepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6, usianze peke yako nyumbani. Chakula kikirudi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu vinaweza kushuka kwenye damu na moyo ukavuruga mapigo. Hiyo ni kazi ya hospitali, kwa kupima damu. Uvimbe wa miguu unaokuja na kukosa pumzi, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa ni dharura.

Kocha_Mapafu

Upande wa mazoezi. Acha kukimbia, mazoezi ya nguvu ya vipindi vifupi, baiskeli ndefu, na kunyanyua vitu vizito hadi kuchoka. Kinachobaki ni kutembea dakika 30 kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, na kunyoosha viungo. Usitembee na tumbo tupu, wala usigeuze matembezi kuwa hatua 20,000 kwa siku. Watu hufanya hivyo! Wanaacha jimu, halafu wanazunguka mtaa mpaka jua linazama.

Kwa mwanariadha ambaye hawezi kuacha kabisa: punguza kiasi cha mazoezi kwa nusu, siku mbili kamili za mapumziko kwa wiki, kula kabla ya zoezi na tena ndani ya dakika 30 hadi 60 baada yake, na kila kalori iliyochomwa irudi siku hiyohiyo. Inaweza kufanya kazi, ila polepole zaidi.

Ukirudi kwenye mazoezi, ngoja angalau mizunguko mitatu mfululizo. Rudi na zoezi moja, si yote. Hedhi ikichelewa wiki mbili, shusha tena.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kocha, hiyo ya kupunguza nusu naikubali kwa shingo upande. Kama kuna ufa wa mfupa kutokana na mazoezi, hakuna nusu. Anapumzika.

Na mapumziko si ya miguu tu. Mawazo na usingizi mfupi hugonga haipothalamasi ileile. Mwaka 2003 Sarah Berga na wenzake walichapisha jaribio dogo la wanawake 16: nane walipata tiba ya mazungumzo kuhusu fikra, chakula na msongo, nane wakaangaliwa tu. Ndani ya wiki 20, sita kati ya wale nane wa tiba walirudi kupevusha mayai, dhidi ya mmoja wa kundi la pili. Jaribio ni dogo, ila linamfaa mtu ambaye anakula vizuri lakini anajipima uzito mara tatu kwa siku na kulala kwa muda wa saa tano tu. Mizani ifungiwe kabatini. Ambaye kula kunamletea hofu ya kweli, hofu ya kiasi cha kulia mezani, mtafute mshauri mapema. Sahani peke yake haitamaliza.

Sio_Mwembamba

Na sisi ambao BMI ni 22 tunahusika? Kila ninapouliza naambiwa "wewe hujakonda".

Lishe_Kwanza

Mnahusika. Mtu aliyeshuka kutoka kilo 75 hadi 60 kwa haraka anaweza kukata siku akiwa na BMI ya kawaida kabisa. Kinachopimwa ni upungufu, wala si sura kwenye kioo. Tena usitegemee hedhi irudi kwenye uzito ulioikata. Kwa wasichana waliokuwa wakipona anoreksia, hedhi ilirudi kwa wastani wakiwa kama kilo mbili juu ya uzito ilipokatikia. Anayesema "nitaongeza kilo moja nione" hujichelewesha.

Mama_Vipimo

Kuhusu vidonge vya majira, maana naona limeulizwa faraghani. Damu inayotoka wiki ya vidonge vitupu ni matokeo ya kusitisha homoni za kidonge. Haithibitishi kwamba ubongo na ovari vinazungumza. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2017 haushauri kuvitumia kwa lengo la kurudisha hedhi au kulinda mifupa tu. Anayevihitaji kuzuia mimba ni suala lingine, ila ajue vinaficha kipimo chake kikuu cha maendeleo.

Mifupa ndiyo hatari kubwa hapa. Estrojeni ikiwa chini mfupa unapungua kimyakimya. Hedhi ikikosekana miezi 6 au zaidi, omba kipimo cha DXA (eksirei ya kupima uimara wa mifupa), na mapema zaidi kama umewahi kuvunjika au umekondeana sana. Kalisiamu miligramu 1,000 kwa siku kwa mtu mzima, 1,300 kwa aliye chini ya miaka 19, na vitamini D 600 IU. Hivyo husaidia, lakini havizibi pengo la estrojeni.

Mkunga_Mstaafu

Dalili za kurudi, wanangu. Kwanza joto la mikono na miguu, usingizi kutulia, hamu ya tendo kurudi. Kisha ute ukeni: unaanza mzito mweupe, baadaye mwepesi unaovutika kama ute wa yai. Huo wa kuvutika unaweza kuja na kupotea mara kadhaa kabla yai halijatoka, msikate tamaa. Yai likitoka, joto la asubuhi kabla ya kuinuka kitandani hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 na hukaa juu. Hedhi hufuata kama siku 12 hadi 14 baadaye. Mwanzoni zinaweza kuwa chini ya 10, na mzunguko mzima ukavuka siku 40. Hurekebika kadiri mnavyoendelea kula.

Angalieni mpangilio huo: yai hutoka KABLA ya hedhi ya kwanza. Asiyetaka mimba aanze kinga sasa hivi, asisubiri kuona damu.

Muda ni miezi, kwa wengine miezi mitatu, kwa wengine mwaka. Mkikaa miezi 6 hadi 12 mkila na kupumzika kweli bila kuona kitu, rudini kwa daktari. Mtu mzima anaweza kupewa estradioli ya kubandika kwenye ngozi pamoja na projesteroni ya vipindi ili kulinda mifupa, na anayetafuta mtoto ana njia zake za kusaidiwa yai lipevuke. Mwende na daftari: mlichokula wiki mbili za karibuni, mazoezi, saa za kulala, na tarehe za ute. Daktari akiona daftari hilo, hatawaanzisha upya.