Mjadala: Orodha ya dalili za barua ya kutiliwa shaka inamlinda nani?

Mwanzisha mada:
Ndugu wachangiaji, napendekeza kila ofisi ibandike ukutani orodha ya dalili za barua ya kutiliwa shaka, yaani inayoweza kuwa na sumu au vijidudu vya kuua: stempu nyingi kupita kiasi, makosa ya tahajia, madoa ya mafuta, tepu nyingi, na kukosekana kwa anwani ya mtumaji. Wapo wanaosema orodha hiyo huzua hofu bure. Mimi naona heri hofu kidogo kuliko msiba.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu yangu, sipingi tahadhari, ila naona umeiweka mahali pasipofaa. Barua yenye unga wa kimeta (ugonjwa wa kuua unaoletwa na bakteria) iliyofunguliwa katika ofisi ya Seneta Tom Daschle mjini Washington, Marekani, tarehe 15 Oktoba 2001, ilikuwa na anwani ya mtumaji, tena ya darasa la nne la shule ambayo haikuwepo. Nani angeshuku barua ya watoto? Linalonisumbua zaidi ni kwamba wafanyakazi wawili wa kituo cha posta cha Brentwood, mjini humo humo, barua hiyo ilikopitia, walifariki ilhali hawakuifungua bahasha yoyote, kwa kuwa mashine za kuchambulia barua ziliibana bahasha na spora (vijimbegu vidogo mno vya bakteria hao) zikapenya kwenye karatasi zikasambaa hewani. Watumishi wa Seneti walianzishiwa antibayotiki mapema, lakini kituo kile kiliendelea na kazi hadi tarehe 21. Orodha yako isingewafaa kitu.

Kinachostahili kufundishwa ni hatua za mtu ambaye unga umekwisha kumwagika mbele yake: asiitikise bahasha, asiinuse, asijaribu kuufagia unga; aifunike taratibu kwa chochote kilicho karibu, hata pipa la taka lililopinduliwa, kisha atoke, afunge mlango, anawe mikono kwa sabuni na maji, aite polisi, na feni na kiyoyozi vizimwe. Majina ya wote waliokuwamo chumbani yaandikwe, maana ndiyo yatakayowaongoza madaktari kujua nani aanze dawa ya kinga, ambayo kwa kimeta humezwa siku 60. (Na wenzake wasimkimbie: kimeta cha mapafu hakiambukizi kutoka mtu hadi mtu.)

Mwanzisha mada:
Hatua hizo nazikubali. Hata hivyo, yule wa Brentwood hakuona unga wowote, naye utamlindaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa kuilazimisha ofisi iliyopokea barua iitaarifu posta siku hiyo hiyo, na wote walioichambua wapewe dawa pamoja na waliofungua, bila kusubiri mgonjwa wa kwanza.